Saa Sita Mchana Bila Jua: Majira Yangu ya Kwanza ya Baridi Tromsø

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunahesabu saa kwa kufuata jua. Likichomoza, siku imeanza, na saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga. Likifika utosini ni saa sita. Likizama ni saa kumi na mbili jioni, na hesabu ya usiku huanza upya. Kwetu Pangani hesabu hiyo haijawahi kumwangusha mtu, kwa sababu tofauti kati ya siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa ya mwaka haifiki saa moja. Nilikua nikiitumia bila kuifikiria, kama mtu anavyovuta pumzi. Kisha nikaenda kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa uvuvi huko Tromsø, kaskazini mwa Norwei, na ilipofika tarehe 27 Novemba jua likawa haliinuki tena juu ya upeo wa macho. Halikutarajiwa kuonekana mjini hadi wiki ya tatu ya Januari.

Ni vyema nieleze giza hilo lilivyo, kwa kuwa wengi huko nyumbani hudhani ni giza la kutoona mkono wako mwenyewe. Tromsø iko karibu nyuzi 70 kaskazini mwa ikweta, takriban kilomita 350 ndani ya Duara la Aktiki, na kwa kuwa dunia imeinama kwenye mhimili wake, mwezi Desemba ncha ya kaskazini huwa imelipa jua kisogo. Hata hivyo, tarehe 21 Desemba, siku yenye giza kuliko zote, saa sita mchana jua huwa nyuzi 3 tu hivi chini ya upeo. Halionekani, lakini nuru yake hupanda nyuma ya milima na kulitia anga rangi, kwanza buluu iliyokolea kama ya wino, halafu upande wa kusini waridi na zambarau nyepesi, na theluji yote ardhini huipokea rangi hiyo na kuirudisha. Hali hiyo hudumu saa chache, kisha buluu inakolea tena na nyota zinatoka saa tisa alasiri. Baridi nayo si kali kama watu wanavyoidhani, kwani mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki hufanya bandari isigande, na wastani wa Januari mjini ni nyuzi 3 au 4 hivi chini ya sifuri.

Haya yote niliyajua kwa vitabu, lakini sikuyaona kwa macho katika majuma mawili ya mwanzo, kwa sababu nilijifungia ndani. Niliishi katika nyumba za wanafunzi karibu na ziwa dogo la Prestvannet, juu ya mgongo wa kisiwa ulipojengwa mji, na darasani nilikwenda kwa basi hadi Breivika, chuoni, nikarudi kwa basi. Madirisha nilifunga mapazia. Usingizi ulinichukua mchana na kuniacha usiku. Nilikuwa nikiswali kwa kufuata ratiba ya mji mwingine wenye usiku na mchana, jambo ambalo wanazuoni wameliruhusu kwa watu wa nchi za namna hii, lakini hata baada ya kuswali adhuhuri mwili haukukubali kwamba ni adhuhuri. Mama alinipigia simu siku moja, saa nane mchana kwao.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Huko saa ngapi?”

“Saa sita mchana.”

“Na jua liko wapi?”

Sikuwa na jibu. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama nakula vizuri, na nikajua kwamba ameingiwa na wasiwasi.

Aliyenitoa chumbani ni msichana wa Kinorwei tuliyeshiriki naye jiko. Aligonga mlango siku moja na kuniambia kwamba mwanga wa siku uko nje kati ya saa nne na saa nane, basi, na kwamba mtu asiyeutafuta kwa miguu yake hataupata. Kwao kutoka nje si mazoezi wala si utalii. Wana neno lao, friluftsliv, maana yake maisha ya mahali palipo wazi, na wana sheria ya mwaka 1957 inayompa mtu yeyote, hata mgeni, haki ya kupita katika misitu na milima isiyolimwa pasipo kuomba ruhusa ya mwenye ardhi, mradi asiharibu. Njiani tulikutana na watoto wa chekechea wakitembea wawili wawili thelujini, kila mmoja na kizibao cha kuakisi mwanga, na mwalimu wao akiwa mbele na tochi kichwani. Walikuwa na umri wa miaka mitatu au minne. Niliwatazama wakianguka, wakicheka, wakiinuka, na nikaona haya kwa mapazia yangu.

Siku hiyo hiyo nilijifunza habari ya nguo, na nilijifunza vibaya. Nilikuwa nimevaa fulana mbili za pamba, sweta, na koti kubwa juu, nikidhani unene ndio joto. Tulipopanda mlima mfupi nilitokwa jasho, na tulipokaa kupumzika lile jasho likapoa ndani ya pamba. Ndani ya dakika kumi nilikuwa natetemeka hata meno hayakutulia, na mwenzangu akanivua glavu, akanishika vidole, akasema turudi mara moja. Pamba hunywa maji na kuyashikilia mwilini, na ikilowa haina joto tena. Sufu hata ikilowa huendelea kukupa joto. Kwa hiyo ndani kabisa huvaliwa sufu nyembamba inayogusa ngozi, katikati sufu nzito, na juu kitambaa cha kuzuia upepo tu. Mtu akianza kupanda hupunguza nguo kabla ya jasho, akisimama huongeza kabla ya baridi. Nilikwenda katika duka la mitumba mjini, nikapata nguo mbili za ndani za sufu kwa bei ya mwanafunzi, na kuanzia hapo sikuugua baridi tena. Nilinunua pia vyuma vyenye meno vya kuvisha chini ya viatu, kwa sababu Tromsø mvua ikinyesha juu ya theluji na usiku kukaganda, barabara huwa kioo.

Baada ya hapo nikaanza skii, vile vibao virefu vinavyofungwa miguuni vya kutelezea juu ya theluji. Nchini Norwei kuna vituo viitwavyo BUA vinavyoazimisha vifaa vya michezo bila malipo, kwa hiyo sikuhitaji kununua kitu. Katika kisiwa cha Tromsø kuna njia ya skii yenye taa, lysløypa, inayopita msituni juu ya mgongo wa kisiwa, na jioni ungewakuta humo wazee wa miaka sabini wakiteleza kwa mwendo wa utulivu kama watu wanaotoka msikitini. Skii za njia hizo ni nyembamba, na kisigino hakifungwi. Chini yake hupakwa nta inayochaguliwa kulingana na baridi ya siku hiyo, ili zishike theluji unapokanyaga na ziteleze unapoziachia. Kwenye mteremko niliambiwa nikutanishe ncha za mbele na kupanua za nyuma ili kupunguza mwendo, na kwenye mwinuko nipanue ncha za mbele nikanyage kwa kingo, nikiacha nyuma yangu alama kama mifupa ya samaki. Ndivyo wanavyoiita, mfupa wa samaki, na kwa mtu wa pwani jina hilo lilinisaidia kuliko maelezo yote. Jioni ya tano nilipita kilomita mbili bila kuanguka. Palikuwa na ukimya ambao sijapata kuusikia popote, theluji ikiwa imemeza kila sauti isipokuwa mkwaruzo wa skii zangu mwenyewe.

Lakini kama ningeambiwa nichague siku moja tu ya majira yale yote, ningechagua siku ya Skibotn.

Skibotn iko bara, kando ya ghuba ya Lyngen, na ni bonde kavu lenye anga safi kuliko mjini. Kwa muda mrefu palikuwa mahali pa soko, walipokutana Wasami, ambao ni wenyeji wa asili wa kaskazini, Wakveni, watu wenye asili ya Kifini, na Wanorwei. Mwanafunzi mwenzetu mwenye asili ya Kisami, ambaye wazazi wake wanaishi jirani na huko, alitualika wanne tuende kuvua samaki ziwani mwanzoni mwa Januari. Tulipofika, kipimajoto cha gari kilionyesha nyuzi 22 chini ya sifuri. Huo ulikuwa ulimwengu mwingine kabisa na ule wa mjini. Ukivuta hewa kwa pua, vinyweleo vya ndani vinashikana. Kope zangu ziliota barafu, na nilipofumba macho kidogo zilinata, nikalazimika kuziyeyusha kwa kiganja. Simu ilikuwa na chaji ya kutosha, lakini ilizimika mara nilipoitoa mfukoni, na niliishi siku ile yote bila picha hata moja.

Yule mwenyeji wetu hakukanyaga ziwa kabla ya kulipima. Alisimama kando, akalitazama, akatoboa tundu la kwanza kwa keke kubwa ya mkono, akaingiza fimbo yenye alama. Barafu ngumu yenye unene wa sentimita 10 inatosha kubeba mtu anayetembea. Hapo palikuwa na zaidi ya 40. Hata hivyo, alitugawia kila mmoja jozi ya misumari yenye vishikio vya mbao, tuitundike shingoni, ili mtu akitumbukia aweze kuchoma barafu na kujivuta. Nilimkumbuka babu yangu, ambaye hakuwahi kusukuma ngalawa majini bila kusimama kwanza ufukoni na kutazama, akijua kwa rangi ya maji na kwa upepo kama ni bamvua au maji mafu, na kama kusi imekwisha tulia. Ningempeleka babu pale ziwani, wangeelewana bila mkalimani.

Uvuvi wenyewe ni wa kukaa. Unatandika ngozi ya kulungu wa kaskazini, wale wafugwao na Wasami, unalala kifudifudi au unakaa, unashusha uzi kwenye tundu la upana wa bakuli, na unauchezesha juu na chini polepole kwa kijiti kifupi. Kila baada ya dakika chache tundu hufanya utando mpya wa barafu, nao huondolewa kwa upawa wenye matundu. Nililala nikachungulia ndani. Mchana ule wa buluu nuru ilipita kwenye barafu, na chini yangu niliona maji ya kijani kibichi yaliyotulia tuli, na kivuli kikapita. Uzi ukavutwa mara mbili. Alikuwa samaki wa jamii ya samoni aitwaye røye, tumbo lake jekundu kama embe bolibo lililoiva, na alipotua juu ya theluji aliruka mara tatu, kisha maji yaliyomzunguka yakaganda. Barafu nayo ilikuwa ikitoa sauti, mlio mrefu unaoanzia upande mmoja wa ziwa na kukimbilia upande wa pili, na mara ya kwanza moyo wangu ulisimama, lakini niliambiwa kwamba barafu hulia inapotanuka na kunywea kwa mabadiliko ya baridi.

Tuliwasha moto ufukoni kwa kuni tulizokuja nazo. Kuwasha moto misituni hukatazwa kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Septemba, lakini wakati wa theluji inaruhusiwa. Nilikuwa nimebeba chai ya tangawizi katika chupa ya chai, na pilipili manga na ndimu za kutoka duka la Waasia mjini. Tulimkaanga yule røye kwa siagi. Ilipofika saa kumi na moja jioni, giza likiwa limekwisha shika kabisa, mtu mmoja akasema, tazameni.

Ilianza kama wingu jembamba jeupe upande wa kaskazini, kitu ambacho ningekipuuza. Halafu ikawa utepe wa kijani, halafu utepe ukakunjuka kama pazia linalopulizwa na upepo, ukavuka utosini, na ukingo wake wa chini ukapata rangi ya waridi iliyokuwa ikikimbia kutoka mashariki kwenda magharibi. Mwanafizikia wa Kinorwei Kristian Birkeland, aliyejenga kituo chake cha uchunguzi juu ya mlima Haldde karibu na Alta mwaka 1899, ndiye aliyeeleza kwamba mianga hiyo hutokana na chembe zenye umeme zinazotoka juani na kuongozwa na sumaku ya dunia hadi kwenye ncha. Ile kijani ni oksijeni, kiasi cha kilomita 100 na zaidi juu ya vichwa vyetu. Nilikaa nikiwaza kwamba jua ambalo sikuliona kwa majuma sita lilikuwa limetuma salamu kwa njia nyingine.

Mmoja wetu akataka kupiga mluzi wa furaha. Yule mwenyeji wetu akamzuia kwa mkono. Bibi yake, alisema, alimkataza tangu utotoni kupigia mianga mluzi, kwa sababu inaweza kushuka ikakuchukua. Nilimwambia kwamba kwetu pia mluzi haupigwi usiku, kwani unaita nyoka. Alinigeukia akanitazama kwa muda, na mimi nikamtazama, na tulirudi garini bila yeyote kupiga mluzi.

Tarehe 21 Januari jua lilirudi mjini. Kwa hesabu za anga lilikuwa limekwisha vuka upeo siku kadhaa kabla, lakini milima iliyo kusini hulificha. Siku hiyo watu hula mandazi ya mviringo yenye jamu ndani, waliyoyapa jina la jua, na shule huwatoa watoto nje. Tulisimama mlimani karibu na Prestvannet tukiwa wengi, na saa sita kasoro dakika chache, ukingo wa dhahabu ukatokeza kati ya vilele viwili. Ulikaa muda mfupi, ukazama. Nilimpigia mama, naye akawaita jirani zake waje kusikia.

Watu wengi hudhani hapo ndipo ugumu unapokwisha, kumbe ndipo milima inapoanza kukuita, na hapo ndipo penye hatari. Mwishoni mwa Februari tulipanga kupanda Fløya, mlima wa mita 671 juu ya Tromsdalen. Tulisoma tahadhari ya Varsom, huduma ya serikali inayotoa daraja la hatari ya maporomoko ya theluji kutoka 1 hadi 5, tukakuta 2, tukaondoka. Tulipita Storsteinen, kinapofika kituo cha juu cha magari ya kamba, tukaendelea. Tulikuwa tumebakiza kama mita 100 za kimo pale upepo ulipoinuka kutoka baharini na theluji ikaanza kutambaa ardhini, kisha ikapanda magotini, kisha sikumwona tena aliyekuwa mbele yangu. Nilitaka tuendelee. Nilikuwa nimechoka na kilele kilikuwa pale pale. Kiongozi wetu aligeuka, akatukusanya mpaka mabega yakagusana, akasema kanuni ya nane: geuka mapema, kugeuka si aibu.

Wanorwei wana kanuni tisa za milimani, ambazo zilihimizwa kwa nguvu baada ya vifo vingi vya Pasaka ya mwaka 1967, na mtoto wa shule huzijua kama sisi tunavyojua methali. Ya kwanza ni kupanga safari na kumwambia mtu unakokwenda. Hiyo ya nane ndiyo iliyonigusa, kwa sababu nimetoka katika pwani ambako nimehudhuria mazishi ya wavuvi waliokwenda wakati wazee walisema wasiende. Tulishuka. Usiku huo upepo uling'oa vibao vya barabarani mjini.

Mwezi Machi darasa letu lilitembelea vichanja vya mbao ufukoni ambako samaki waitwao torsk hutundikwa wawili wawili kwa mikia hadi Mei, wakaushwe kwa upepo na baridi tu, bila chembe ya chumvi. Wengi wao huuzwa Italia na Nigeria. Nilisimama chini ya vichanja hivyo na harufu ikanirudisha nyumbani, kwenye ng'onda wa mama, ingawa kwetu kazi hiyo hufanywa na chumvi na jua kali la kaskazi. Na hapo nikafikiri juu ya neno lenyewe: sisi tuliuita upande huu kaskazini kwa sababu ya upepo unaotuletea joto.

Safari ya mwisho ya majira yale ilikuwa ya Aprili, siku mbili kwa skii upande wa bara, tukilala katika kibanda cha chama cha Troms Turlag, tawi la shirika la kitaifa la matembezi lililoanzishwa mwaka 1868 na lenye vibanda zaidi ya 500 nchini kote. Vingi havina mhudumu. Wanachama hufungua kwa ufunguo mmoja wa aina ile ile, huwasha jiko, hutumia kuni, na hulipa wenyewe baadaye, wala hakuna anayewasimamia. Kabla ya kuondoka, mtu hupasua kuni za yule atakayekuja baada yake na kuzipanga kando ya jiko, ili akifika usiku mikono ikiwa imekufa ganzi asihangaike. Kazi yangu ilikuwa maji. Sufuria huwekwa kwanza maji kidogo ya chini ili isiungue, kisha theluji huongezwa konzi kwa konzi, na ujazo wa sufuria nzima ya theluji ukiyeyuka huacha maji ya kikombe tu. Nilikwenda nje na kurudi mara nyingi, na kila nilipofungua mlango bado palikuwa na mwanga, saa mbili usiku, milima ikiwa na rangi ya waridi.

Asubuhi kabla ya kufunga mlango tulijaza kitabu cha wageni. Kitabu hicho si cha mapambo, kwani waokoaji hukisoma kwanza pale mtu anapopotea. Niliandika jina langu, nilikotoka, ninakokwenda, idadi yetu, na muda wa kuondoka, 10:00. Jua lilikuwa limekwisha panda juu ya mlima na kuingia dirishani hadi kwenye ukurasa. Nikaongeza pembeni, kwa Kiswahili, saa nne asubuhi.